Jaribio la Kitambaa

Watu wakijua kazi yangu huniuliza swali moja tu: ipi ndiyo nzuri? Hawataki kusikia habari za vipimo. Wanataka nitaje kampuni wakanunue, halafu ikiwaharibikia wanitafute. Mimi huwauliza: nzuri kwa nani? Nyumba yako iko wapi, stima inapotea mara ngapi kwa wiki, na rimoti inashikwa na nani? Hapo huniona nina maringo, wanabadilisha mazungumzo. Sawa tu.

Ninapima vifaa vya nyumbani kwa niaba ya wanunuzi. Birika za stima, pasi, jiko la gesi, chochote. Mwaka juzi zamu ilikuwa ya ving'amuzi vya kurekodi, vile vyenye diski ndani, ambavyo unaviambia vikuwekee taarifa ya habari ukiwa bado shambani, kisha unaitazama ukirudi. Tulinunua vitano madukani kama mteja mwingine yeyote, bila kumwambia mwenye duka sisi ni akina nani, kwa sababu kampuni ikijua itakuletea kile kimoja kilichotengenezwa kwa uangalifu. Nikafunika majina ya kampuni kwa utepe mweusi, nikaviandika namba, moja hadi tano. Kwanza tulivipima mezani, ofisini kwetu mjini Meru. Kinachukua sekunde ngapi kuwaka? Kinarekodi stesheni mbili kwa mpigo au kinajidai tu? Stima ikikatika katikati ya kurekodi, ikirudi kinakumbuka kilichokuwa kinafanya? Kila swali lina alama tano. Sifuri nayo ipo, na sina uchoyo wa kuitoa.

Lakini meza ya ofisi inadanganya. Pale hakuna kilima kinachozuia mawimbi, hakuna watoto, hakuna mvua ya radi inayofanya kila mtu akimbilie kuchomoa waya ukutani. Ndiyo maana baada ya wiki mbili tunavipeleka kwenye nyumba za watu, vikae huko miezi mitatu, vitumike vile wenyewe wanavyotumia. Viwili nilivipeleka Kanyakine kwa mwalimu mstaafu. Viwili vingine vikaenda Manyatta, juu ya mji wa Embu, kwa familia yenye watoto sita na televisheni isiyozimwa. Namba tatu nikaipeleka Githongo, kwa wazazi wangu. Kanuni zetu haziruhusu nyumba ya jamaa. Nilimweleza mkubwa wangu kwamba nyumba yetu iko bondeni nyuma ya ukingo, mawimbi hufika huko yamechoka, na sikuwa na nyumba nyingine ya namna hiyo. Akakubali shingo upande.

Sasa nieleze habari ya vitambaa, kwa maana bila hiyo hii yote haieleweki. Huku kwetu, kitu cha maana sebuleni hakiachwi wazi. Viti vina vitambaa vya kufuma, meza ina kitambaa, redio ina chake, na king'amuzi kikiingia tu mama wa nyumba anakitafutia chake, cheupe, kimefuliwa kwa wanga na kupigwa pasi. Tatizo ni kwamba vifaa hivi hupumulia matundu ya juu. Ukivifunika vinachemka, na diski huanza kuchoka joto likipita nyuzi sitini. Wiki ya kwanza nilitoa vitambaa katika nyumba za Kanyakine na Manyatta na kueleza habari ya matundu, watu wakaitikia kwa adabu. Wiki ya pili vitambaa vilikuwa vimerudi, tena vimenyooshwa vizuri zaidi kwa kuwa mgeni anakuja.

Nilikasirika siku mbili hivi, kisha nikafikiri. Kama kila nyumba itakifunika, basi kifaa kinachokufa chini ya kitambaa ni kifaa kibaya, hata kama huko kilikotengenezwa hawajui kitambaa ni nini. Nikatunga kipimo kipya. Unabandika kipimajoto kidogo ubavuni mwa kifaa, unakiacha kila kitu kama mwenye nyumba anavyokiweka, na kila Jumanne unasoma na kuandika. Wenzangu ofisini walicheka, wakakiita jaribio la kitambaa, na jina likashika. Kanuni yake niliiandika mwenyewe: mpimaji haondoi kitambaa wala hatoi ushauri. Mtu akiuliza, jibu ni moja, endelea tu kama kawaida yako. Nilijivunia sana sentensi hiyo.

Baba yangu alikuwa mpimaji mzuri kwa sababu hakuwa na subira. Kuna kipimo ambapo unampa mtu rimoti, unamwomba arekodi taarifa ya kesho bila msaada, nawe unakaa pembeni na saa yako umefyata ulimi. Baba aliishika rimoti mbali na uso, mkono umenyooka, akabonyeza. Ilimchukua dakika kumi na moja. Katikati aliniuliza mtihani huu ni wa nani, wake au wa hiki kidude.

"Ni wa kidude, Baba."

"Basi andika kimeanguka."

Nikakipa mbili kwa urahisi wa kutumia. Lakini alikuwa mtu wa kiburi, hakutaka kushindwa na kitu anachoweza kukibeba kwa mkono mmoja. Ndani ya wiki mbili alikuwa anarekodi kila kitu, mpaka mahubiri ya watu asiowapenda, ili apate kuyapinga kwa wakati wake.

Mwezi huohuo watu wa kipindi cha kilimo cha televisheni moja walipita Githongo. Walikuwa wanatafuta mkulima wa kahawa mzee anayeweza kueleza namna ya kupogoa, na watu wa kiwanda cha kahawa wakawaelekeza kwa baba. Wakampiga picha kati ya mistari ya kahawa yake, amevaa koti la kanisani katika jua kali, anaongea Kimeru. Kipindi kilipotangazwa aliweka namba tatu irekodi, yeye mwenyewe, bila mtu kumsaidia. Ilikuwa dakika nne. Nilikuwa Embu siku hiyo. Alinipigia simu kunieleza kwamba kidude kimepata zote nne na nikiongezee alama.

Wiki tatu baadaye alianguka katika mistari hiyohiyo ya kahawa, na hakufikishwa hospitali.

Mazishi sitayaeleza, ni kama ya wengine. Hema, viti vya kukodi, sufuria za kuazima, watu wakiniambia nijikaze kisabuni. Hawakuwa na haja ya kuniambia. Nilikuwa nimekauka. Nilihesabu sahani, nikaelekeza magari, nikasoma wasifu wake mbele ya watu kwa sauti ileile ninayosomea ripoti. Shangazi yangu mmoja alinitazama na kusema huyu mtoto ana moyo mgumu. Sikuudhika. Nilitamani hata niudhike. Jumatatu iliyofuata nilikuwa kazini, na Jumanne nikaanza mzunguko wangu wa nyumba kama kawaida.

Nilimkuta mama sebuleni. Alikuwa amejifunza vitufe vitatu tu vya rimoti, vile vya kumfikisha kwa baba. Kila siku saa kumi jioni, akimaliza kukamua na kupeleka maziwa barabarani, anajitilia chai, anaketi, anabonyeza. Dakika nne. Kisha anazima, anaosha kikombe. Aliniambia hivyo bila kuona haya, kama anayenieleza ratiba ya dawa.

Juu ya namba tatu palikuwa na kitambaa kipya. Kile cha zamani kilikuwa chepesi, chenye matundu, hakikufika pembeni. Hiki alikifuma tangu baba afariki, kwa uzi mnene mweupe, akakishona mara mbili, na kiliteremka pande zote nne mpaka juu ya kabati. Nilimuuliza kwa nini kizito hivyo.

"Si baba yako yumo humo," akasema. "Nimwache na vumbi?"

Nikapiga magoti mbele ya kabati, nikaingiza mkono chini ya kitambaa, nikasoma kipimajoto. Tangu mwanzo namba tatu ilikuwa inacheza kati ya arobaini na nane na hamsini. Siku hiyo ilisoma sitini na moja. Nikaandika sitini na moja.

Mimi ndiye ninayejua maana ya sitini na moja. Katika sebule ile, katika kijiji kile kizima pengine, hakuna mwingine. Pia nilijua kwamba rekodi za namba tatu hazitoki ndani yake. Zimefungwa humo, ukihamishia kifaa kingine hazifunguki, na kwa kosa hilo nilikuwa nimekipa sifuri mwezi mmoja kabla. Nilijua yote mawili, yako katika ukurasa mmoja wa fomu, kwa mwandiko wangu. Nikafunga faili nikanywa chai.

Jumanne ya pili ilisoma sitini na tatu. Baba alikuwa anaongea nyuma yangu, maana nilifika saa kumi na mama hakutaka kuahirisha. Nilikuwa nimempa mgongo. Sauti yake niliisikia kama unavyosikia redio ya jirani, unajua ni redio, hufuati inasema nini. Nilikuwa nahangaika na kalamu iliyokataa kuandika. Kipindi kilipoisha mama alisimama, akaweka kiganja juu ya kitambaa, akakiacha hapo kidogo.

"Mwanangu, ni sawa kiwe na moto hivi?"

Nikamwambia, "Endelea tu kama kawaida yako, Mama."

Sentensi ile. Ilitoka yenyewe. Nimejiuliza mara nyingi kama nilikuwa na nia mbaya, na jibu la kweli ni kwamba sikuwa na nia yoyote. Ningekuwa na nia ingekuwa afadhali. Mtu aliye hai ndani angesema kitoe, Mama, kitaua diski. Angechukua simu yake, aielekeze kwenye televisheni, apige picha ya dakika zile nne, imekwisha hiyo, mtoto yeyote wa shule anajua kufanya hivyo. Nami simu nilikuwa nayo mfukoni. Lakini kuielekeza kwenye televisheni ni kumtazama, na mimi nilikuwa natazama kipimajoto. Nilijiambia kuna wiki nne zimebaki, jaribio liishe safi, kisha nitaomba ofisi iniuzie namba tatu nimwachie mama. Mkubwa wangu alikuwa amekwisha kukubali. Nilijiona nimepanga mambo vizuri.

Jumanne ya tatu sitini na nne. Ya nne, sitini na nne. Nikaandika.

Siku mbili baadaye, Alhamisi, nikiwa Kanyakine kwa yule mwalimu, mama alinipigia. Yeye hapendi simu, hupiga akiwa na jambo, na hulisema moja kwa moja.

"Baba yako amekataa kutoka."

Nilifika Githongo kabla ya jua kushuka. Televisheni ilikuwa inawaka, na kwenye kioo maandishi yanasema hakuna diski. Nilikizima kidude, nikakiwasha. Nikachomoa, nikasubiri dakika kumi, nikachomeka. Nikainamisha sikio. Ndani kulikuwa na mlio mdogo wa kugonga, tk, tk, tk, kisha kimya, kisha tena. Mimi naujua mlio huo. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake na chai imepoa, anangoja kama mtu anayengoja kwenye kliniki. Nikamwambia nitakipeleka mjini. Akanifungia kwa leso yake kisiingie vumbi njiani.

Fundi wa kompyuta hapa Meru alinifungulia diski huku nikimtazama. Uso wa diski ulikuwa umechubuka, kwa macho tu unauona. Akaniuliza kama kulikuwa na kitu cha maana humo, nikasema ni kipindi cha kilimo. Niliwaandikia wale wa televisheni pia. Wakajibu kwa upole kwamba vipindi vya wilayani hawaviweki, hutumia nafasi upya. Picha za baba zipo, hizo za vitambulisho na za harusi za watu, amesimama wima. Anayetembea na kuongea hayupo tena popote.

Mkubwa wangu alinipa pole, na alimaanisha. Kisha akasema, si kwa ubaya, kwamba kwa upande wa ripoti tumepata jambo. Vingine vinne vilivumilia vitambaa vyao, hiki kimekufa, na hapo ndipo msomaji anapojua anunue kipi. Alikuwa sahihi. Nikajaza fomu. Uimara chini ya matumizi ya kawaida ya nyumbani: moja juu ya tano. Hiyo moja ni kwa sababu kilikuwa kimefanya kazi kwa muda. Sehemu ya maelezo nikaandika sentensi mbili, hakuna aliyezirekebisha. Ripoti ilipotoka watu walinisifu kwa jaribio la kitambaa. Kuna mama mmoja Embu alinisimamisha sokoni akanishukuru kwamba nimewafikiria watu wa kawaida. Nikamwambia asante. Nilisikia mdomo wangu unasema asante.

Nyumbani sikuwa nimesema chochote. Mama aliamini ni stima. Kwetu stima hulaumiwa kwa kila kitu, na mara nyingi ni kweli, basi nikamwacha na stima yake mwezi mzima. Nilimletea king'amuzi kingine, namba mbili, kile kilichoshinda. Alikishukuru. Hakukiwasha saa kumi. Saa kumi alikuwa anatoka nje, anakaa kwenye kibaraza na chai yake, anatazama upande wa kahawa.

Jumapili moja baada ya kanisa tulikuwa tunachambua maharagwe hapo kibarazani. Akaniuliza tena kama mafundi wamesema stima iliingia kwa nguvu au vipi. Nikasema haikuwa stima, Mama. Nikamwambia ni joto. Nikamweleza habari ya matundu, na kitambaa, na nyuzi sitini, yote niliyowaeleza watu wa Manyatta na Kanyakine wiki ile ya kwanza. Niliongea vizuri, kwa mpangilio. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa ndani ya ungo.

"Kwa hivyo ni mimi," akasema.

"Si wewe. Ni mimi. Nilikuwa najua."

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza niliyoona kile kitambaa. Niliandika."

Sikuona hasira usoni mwake, na nilikuwa nimeitafuta. Alitaka kuona nilipoandika. Nakala ya fomu ilikuwa kwenye gari, nikaileta. Mama hasomi sana lakini namba anazisoma. Akapitisha kidole, sitini na moja, sitini na tatu, sitini na nne, sitini na nne. Kidole kilisimama kwenye ya pili.

"Hii ni ile siku ulikuwa umepiga magoti pale, kalamu imekataa."

"Ndiyo."

"Alikuwa amefika wapi?"

Sikumwelewa. Akarudia, polepole, kama anamwelekeza mtu njia. Wakati unaandika hii namba, baba yako alikuwa amefika wapi katika maneno yake? Nikamwambia sijui. Nikamwambia sikuwa natazama. Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza kusema kweli nikamalizia: sikuwahi kutazama, Mama, hata mara moja. Wala alipokuwa hai, wala baadaye.

Kuku walikuwa wamekaribia ungo, hakuwafukuza. Kisha akaweka fomu chini, akaikalia kidogo ukingoni isipeperuke, akaanza. Kwa Kimeru, kwa sauti yake mwenyewe, hakuigiza. Mti wa kahawa ukiuonea huruma utakuzalia majani. Chagua matawi mawili, matatu, yaliyobaki ondoa. Usikate mvua ikinyesha. Hapa alikohoa, akasema mama. Hapa akamwonyesha yule kijana wa kamera asikanyage mche. Aliendelea hivyo, neno kwa neno, na mimi nilikuwa nimeshika maharagwe mkononi siyaachilii. Kifua kilianza kuniuma, maumivu ya kweli, ya mahali panapojulikana, na nikashukuru kwamba angalau kuna kitu kinauma.

Karibu na mwisho akasita. Alirudi nyuma sentensi moja, akaijia tena, akakwama palepale. Akajaribu mara ya tatu, midomo inatembea bila sauti. Halafu akanigeukia, macho makavu, akiwa na hakika kabisa kwamba nitamsaidia, kwa kuwa mimi pia nilikuwamo sebuleni mle.

"Halafu akasema nini?"